Mrundiko wa Kesi: Haki Si Hisani



Tulipodai mfumo wa vyama vingi, hata kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa mwezi wa Desemba 1991, hatukudai kura peke yake. Tulidai utawala wa sheria. Tulikuwa tumeshuhudia mwaka wa 1988 majaji wakinyang'anywa ulinzi wa kutoondolewa kazini ovyo. Na ijapokuwa walirudishiwa mwaka wa 1990, somo lilibaki: amshikaye jaji ameishika haki yenyewe. Leo twanena juu ya njia nyingine ya kuizuia haki, isiyo na kelele, nayo ni kuiacha ingoje.

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesi hutajwa, kisha huahirishwa: leo shahidi hakufika, kesho faili haionekani, mtondo hakimu amehamishwa. Na hakimu mpya akiipokea kesi ya jinai, mshtakiwa ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Maskini aliyeshindwa kutoa dhamana hungoja yote hayo akiwa rumande, hali hajahukumiwa. Mjane anayedai shamba lake hungoja huku mpaka ukisogezwa.

Katiba tuliyoipata mwaka wa 2010 haikunyamaza. Kifungu cha 159 chaagiza kwamba haki isicheleweshwe, na kifungu cha 50 chataka kesi ya mshtakiwa ianze na kumalizika bila kukawia kusiko na sababu.

Tuyakiri yaliyotendeka. Chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, mpango wa mageuzi ya Mahakama ulizinduliwa mwaka wa 2012, na mwaka wa 2016 upatanishi ulio chini ya mahakama ukaanza Milimani, Nairobi. Jaji Mkuu David Maraga alizitanguliza kesi zilizozidi miaka mitano. Mwaka wa 2021 ikafunguliwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yatakiwa kuamua katika siku 60, na haimlazimishi mtu kuleta wakili.

Lakini mkono mmoja ulipojenga, mwingine ulibomoa. Mwezi wa Julai 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41, na 20 kati yao walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba hakuwa na hiari hiyo, naye hakutii. Majaji 34 waliteuliwa mwezi wa Juni 2021. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki, na sita walioachwa waliapishwa Septemba 2022, chini ya Rais William Ruto. Miaka mitatu! Mwenye kesi ya ardhi hakuambiwa kwamba anangojea sahihi ya mtu mmoja. Aliambiwa tu kwamba mahakama zina kazi nyingi. Serikali iwanyimayo wananchi majaji haiwezi kuilaumu Mahakama kwa foleni.

Tena tujihadhari, maana haraka haraka haina baraka. Kufunga faili si kutoa haki. Kesi iliyotupwa kwa kuwa mlalamishi hakujulishwa tarehe hupunguza hesabu ya mrundiko, wala haipunguzi dhuluma. Tusiulize tu ni kesi ngapi zimemalizwa; tuulize ni watu wangapi waliosikizwa.

Basi tufanye nini? Kila kikundi na kila parokia iteue watu wawili waketi mahakamani, waandike kila kesi iliyoahirishwa na sababu iliyotolewa. Maandishi hayo yafikishwe kwa kamati ya watumiaji wa mahakama mahali hapo, ambamo hakimu, polisi, magereza na wananchi huketi pamoja. Wazee wetu wajifunze upatanishi wa magomvi ya mipaka na urithi, lakini wasithubutu kuyafunika makosa ya ubakaji na mauaji kwa mbuzi na maneno matamu. Na wakati wa bajeti, tumwulize kila mbunge ameipigia Mahakama kura ya shilingi ngapi.

Haki si hisani ya mkubwa kwa mdogo. Ni deni, nasi ndio wadai. Mdai anyamazaye husahauliwa, tusinyamaze.