Ukumbi Uwe wa Wote



Mwaka jana sherehe yetu ilikuwa ghorofani, na lifti haikuwapo. Bibi yetu mmoja anayetumia kitimwendo alibaki chini. Tulimshushia pilau, taarabu aliisikilizia mlangoni. Ukumbi ule tuliuchagua sisi kamati, kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu. Tunamwomba radhi mbele yenu.

Hapa Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka wenye kumbi wawaondolee watu wenye ulemavu vikwazo, kwa kadiri inavyowezekana. Kumbi nyingi za maigizo humpa msindikizaji tiketi ya bure. Yapo maonyesho yenye mkalimani wa lugha ya alama. Yapo pia maonyesho ya utulivu: sauti na taa kali hupunguzwa, na mtoto mwenye usonji anaweza kutoka na kurudi bila kukemewa. Ulizeni kabla ya kukata tiketi. Wako kati yetu wanaowaacha watoto hao nyumbani kwa kuogopa macho ya watu. Tuwatoe, nao wafurahi.

Lakini tusidai kwa wenyeji tusilolitenda wenyewe. Uhuru wa 9 Desemba 1961 ulikuwa wa kila mmoja wetu. Leo tuko ukumbi wa chini, njia kati ya viti ni pana, na kuna chumba cha kupumzikia mbali na spika.

Bibi yetu yuko safu ya mbele. Leo atamtunza mwimbaji kwa mkono wake mwenyewe.