Mkimbizi Aliyepima Mashine
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wafadhili, Lubumbashi)

 

Tumeombwa tueleze kazi ya kuingiza majina ya wanachama kwenye ordinatere. Mbele ya hapo, tuwasimulie habari ya mkimbizi mmoja.

Timnit Gebru alizaliwa Addis Ababa, Ethiopia, wazazi wake wakiwa wa asili ya Eritrea. Baba yake, injinia wa umeme, alikufa mtoto akiwa na miaka 5. Vita ya nchi hizo mbili ilipoanza mwaka 1998, watu wa asili ya Eritrea walikuwa wanafukuzwa Ethiopia. Naye akakimbia akiwa na miaka 15. Viza ya Marekani alinyimwa kwanza. Akakaa kidogo Ireland, kisha Marekani ikampokea kama mkimbizi. Kule alijua hesabu vizuri, lakini walimu wengine walimkatalia madarasa ya juu. Ninyi mliorudi toka Zambia na karatasi za masomo zisizotambuliwa, neno hilo mnalijua.

Hakuacha. Alisoma Stanford mpaka kupata udaktari, 2017. Mwaka 2018, yeye na Joy Buolamwini walitoa utafiti juu ya programu tatu za makampuni zinazosema kama sura ni ya mwanamke ao ya mwanaume. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika 1 kwa 100. Kwa wanawake weusi, programu mbaya zaidi ilikosea karibu 35 kwa 100. Picha zilizozoewa kupimia mashine kama hizo zilikuwa nyingi za weupe, njo maana kosa lilijificha.

Kisha, pamoja na mwenzake, aliongoza kikundi cha Google kinachochunguza madhara ya mashine hizo. Desemba 2020 alitoka, kisha ya ugomvi juu ya andiko lililoonya hatari za programu kubwa za lugha. Yeye alisema amefukuzwa. Kampuni ilisema amejiuzulu. Mwaka 2021 alianzisha taasisi yake ya utafiti, DAIR.

Turudi hapa kwetu. Siku moja mama wa Katuba alifika kupokea msaada. Vidole vyake vimelika juu ya kazi ya makala, mashine haikuvisoma. Kijana wa mashine akamwambia: «Mama, hauko.» Na mama amesimama pale! Sisi tulikuwa karibu, tukanyamaza. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo, wanachama, tunaomba kitabu cha karatasi kibakie, na kila mtu asomewe mstari wake mbele haujaingizwa. Wafadhili wetu, mkilipia mashine, mlipie pia mtu wa kusikiliza anayesema: «Niko.» Kazi hiyo hailipwi leo, na bila yake hatutaki kuanza.

Mkija kuandikishwa, leteni karte zenu zote, hata ile ya kambi.