Daftari la Mtoto wa Awali

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, iliyoufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, ilikusudia heri. Lakini kumtwisha mtoto wa miaka mitano kazi za kufanyia nyumbani ni dhuluma, hasa kwetu Michenga, ambako msimu wa mpunga wazazi huwa shambani wakiamia ndege, na bibi aliyebaki naye hana tena nuru ya macho ya kumwongoza katika herufi kwa mwanga wa kibatari. Tangu alasiri mtoto huyo amehesabu vifuniko vya soda mchangani, nayo ni hesabu tosha. Walimu, daftari libaki shuleni. Nanyi wazazi, mnaodhani shule isiyotoa kazi haifundishi, tafadhalini msilidai.