U Nani Wewe?



Imetupasa leo kunena juu ya swali lililo jepesi kuulizwa na zito kujibiwa: U nani wewe?

Wazee wetu wa Kibondo na Kasulu walimtazama kwanza aulizaye. Jirani alitajiwa baba na ukoo. Mtu wa mbali kidogo alitajiwa nchi ya mwami: huyu wa Heru, yule wa Muhambwe. Na vijana walipokwenda mashamba ya mkonge huko Tanga, wote waliitwa Waha tu, nao wakajibu kwa jina hilo. Tangu mwaka 1964 twajibu pia, Watanzania. Wala hapana uongo. Kila jina ni kweli mahali pake.

Lakini siku hizi tumezoea jibu jingine, nalo latutia haya. Mha na Mrundi wasikilizana pasipo mkalimani. Hata mwaka 1916 sote tulikuwa chini ya Wajerumani. Kisha wakaja Wabelgiji, na mwaka 1921 wakawaachia Waingereza Kigoma, Burundi ikabaki kwao. Wakimbizi walipotujia mwaka 1972, na 1993, na tena 2015, waliomba maji kwa maneno tuyajuayo tangu utotoni. Basi twaogopa kudhaniwa wageni katika nchi yetu wenyewe.

Siku moja tulijipanga mbele ya ofisi fulani, tukitafuta vitambulisho vya taifa. Mama mmoja akambembeleza mtoto wake kwa Kiha. Karani akainua macho, akasema, "Wewe Mrundi." Mama akataja kijiji, baba, na babu, hakusadikiwa, akaambiwa arudi na mashahidi. Nasi tuliosimama nyuma yake tulikuwa saba, na sote twamjua. Tukanyamaza. Tulipofika mezani tukasema Kiswahili kitupu, na kila mmoja akaongeza, pasipo kuulizwa, "Mimi si Mrundi."

Sisi makatekista tumefundisha mara nyingi habari za Petro, jinsi usemi wake ulivyomtambulisha uani, naye akakana. Hatukudhani habari hiyo ni yetu.

Jioni tukamkuta mama yule njiani, mtoto mgongoni. Akatusalimu kwa Kiha, nasi tukaona aibu kuitika. Kesho yake tulirudi naye, saba wote, tukasema mbele ya karani, "Huyu twamjua." Ndipo jina lake likaandikwa.

Ndugu, asemaye yeye si nani, hajasema bado yeye ni nani. Ukiulizwa, taja baba yako, kijiji chako na taifa lako pasipo hofu, wala usimdharau Mrundi ili upate kusadikiwa. Na jirani yako akiulizwa, usingoje kesho kama sisi. Simama karibu naye siku ile ile, maana mtu hujulikana kwa hao wamjuao.