Nahodha Owen na Bendera ya Mombasa

(Hotuba iliyotolewa katika karamu ya wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya afisa wa manowari. Port Reitz twaijua sote, lakini ni wangapi hapa wamepata kuuliza Reitz alikuwa nani? Ili kumjua hatuna budi kuanza na mkubwa wake, Nahodha William Fitzwilliam Owen wa Uingereza.

Owen alizaliwa Manchester mwaka 1774. Aliingia jeshi la maji mwaka 1788, yaani umri ule ule ambao sisi tulikuwa tukiingia kidato cha kwanza, na kuogopa viranja. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa, akakaa kifungoni Mauritius hadi 1810. Baadaye alipima maziwa makuu ya Kanada, na mwaka 1822 akatumwa kuchora ramani za pwani ya Afrika kwa manowari Leven na Barracouta. Kazi hiyo ilikuwa ya kutupa bildi toka mashuani, siku nenda siku rudi, na kuandika kina cha maji kwa pima. Zaidi ya nusu ya mabaharia aliotoka nao walikufa kwa homa.

Februari 1824 Leven iliingia Mombasa. Merikebu za Sayyid Said zilikuwa zimeuzingira mji, na Wamazrui walikuwa wamekwisha pandisha bendera ya Kiingereza waliyoishona wenyewe! Walitaka ulinzi. Owen alitaka biashara ya watumwa ikome. Wakapatana: Mombasa iwe chini ya Uingereza, biashara hiyo ipigwe marufuku, na nusu ya ushuru wa forodha iende kwa Waingereza. Hakuwa na amri ya serikali yake kufanya hivyo. Barua ya kwenda London ilichukua miezi, naye hakungoja.

Mimi naamini chuki yake juu ya utumwa ilikuwa ya kweli. Watumwa waliokombolewa walipewa makao ng'ambo ya kisiwa, pale English Point. Lakini aliondoka kwenda kuendelea na ramani zake, na mzigo akamtwika luteni kijana, John James Reitz. Watu wachache, mji mgeni, na Wamazrui wasiopenda kuona ushuru wao ukigawanywa. Reitz hakumaliza miezi minne. Mei 1824, katika safari ya upande wa Pangani, homa ilimwua. Baadaye Luteni James Emery aliushika utawala hadi 1826.

London ilikataa. Sayyid Said alikuwa rafiki wa Waingereza, na mwaka 1822 alikuwa amekwisha tia sahihi mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Ya nini kumwudhi? Mwaka 1826 bendera iliteremshwa, na Wamazrui wakaachwa peke yao. Mwaka 1837 Sayyid Said akautwaa mji. Sijui kama Owen alipata kuwaombea radhi.

Ramani zake, hata hivyo, ziliongoza merikebu kwa miaka mingi. Alipanda cheo hadi makamu wa admirali, akafa Kanada mwaka 1857, mzee wa miaka 83. Reitz alizikwa hapa hapa Mombasa, na hori lile likapewa jina lake.