Kumchagua Sungura Anayetafutiwa Makao Mapya

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika siku ya mifugo ya wadi

Mada ya leo ni sungura, hasa wale ambao wenyewe wamechoka nao na wanawatafutia watu wa kuwachukua.

Sungura wa aina hiyo ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna mkulima aliyejenga vibanda vya ghorofa akitarajia soko la nyama. Soko lisipoonekana akabaki na sungura 30 na deni la agroveti. Kuna mzazi aliyemnunulia mtoto sungura likizo ya Desemba, shule zikafunguliwa, mtoto akaenda bweni, na sasa mnyama yuko nyuma ya jikoni ndani ya kreti ya soda. Kuna mpangaji aliyehamia ploti ambayo mwenye nyumba hataki wanyama. Mijini kuna vituo vya kuokoa wanyama, KSPCA ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, lakini wengi wa sungura hawa huhama kimyakimya, jirani kwa jirani, ndani ya katoni.

Kwa kuwa ni wa bure au wa bei ya kutupa, hakuna anayemkagua. Mtu atazunguka soko zima akibonyeza maparachichi, kisha achukue mnyama wa kuishi naye miaka 8 hadi 12 kwa kumwangalia rangi tu. Mtoto aliye gredi ya nne leo atakuwa anakaribia kumaliza sekondari, na sungura huyo bado yuko.

Jambo moja litengwe mapema. Anayetaka sungura wa nyama au wa mbegu ana vipimo vyake: uzito, kasi ya kukua, idadi ya watoto. Kwa hao kuna maafisa wa ugani na kuna wazalishaji wa mbegu. Maelezo haya ni ya familia inayotaka sungura wa kukaa naye nyumbani. Na sungura wa porini, yule wa hadithi anayemshinda fisi kwa ujanja, hahusiki kabisa. Huyo ni mnyama wa jamii nyingine, hazoei kufungiwa, na kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa la sheria. Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya, upande wa Uhispania, na alifika huku akiwa tayari amefugwa kwa vizazi vingi.

Kazi ya kwanza ni kuuliza maswali kwa mwenye sungura, kwa adabu na bila haraka. "Mzee, huyu unamtoa kwa nini? Ana umri gani? Amekaa na nani kibandani? Leo asubuhi amekula nini?" Majibu hayo yana thamani kuliko picha zilizotumwa kwa simu. Anayejibu "sijui, huwa anashughulikiwa na kijana" amesema mengi. Aliyewahi kumtibu aeleze ni dawa gani na lini. Asiyetaka kibanda kionwe, na badala yake anataka kuleta sungura barabarani, asifuatwe.

Wakati wa kwenda ni jioni au asubuhi na mapema. Sungura huchangamka jua linapochomoza na linapotua. Saa saba mchana hata mzima hulala kama mgonjwa. Mtu akae chini, sakafuni au kwenye nyasi, kwa dakika 20 bila kumshika. Sungura mwenye roho tulivu atasimama, atanusa hewa, kisha atasogea kidogo kidogo kunusa kiatu. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanamchagua yule aliyejikunyata pembeni bila kutikisika, wakisema ni mpole. Huyo ameganda kwa hofu. Vivyo hivyo akilazwa chali mapajani akakakamaa, si kwamba ameburudika. Mwili wake unafanya kama wa mnyama aliyekamatwa na mwewe. Mwenye hofu anaweza kuzoea watu, na kuna familia zenye subira zinazomfaa, ila si nyumba ya watoto wanne wa chini ya miaka saba.

Kuhusu watoto ni vizuri kusema wazi. Sungura hapendi kubebwa. Mifupa yake ni miepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu. Akirusha mateke hewani akiwa ameshikwa vibaya anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mtoto mdogo amlishe na kumpapasa akiwa chini, na mtu mzima ndiye amnyanyue, mkono mmoja chini ya kifua na wa pili ukibeba makalio. Kumning'iniza kwa masikio, kama inavyoonekana sokoni, ni kumtesa, na kutesa mnyama kunakatazwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Wengi huomba kitoto. Kwa familia nyingi aliyetimiza mwaka mmoja ni chaguo bora. Ukubwa wake umeshajulikana, na tabia pia. Kitoto cha wiki 8 kinapendeza, lakini kuanzia mwezi wa nne huwa kijana: anarusha mkojo ukutani, anang'ata, anachimba, na hapo ndipo anapotafutiwa tena makao mapya. Aliye chini ya wiki 8 asichukuliwe kamwe, hata mwenyewe akisisitiza kwamba anakula.

Sasa ukaguzi wa mwili, ambao hauhitaji mashine. Uanzie puani. Pua iwe kavu. Miguu ya mbele itazamwe upande wa ndani: manyoya yakiwa yameshikana na kuwa magumu, sungura amekuwa akijipangusa kamasi, hata kama pua imesafishwa asubuhi hiyo. Mafua ya sungura ni sugu na huambukiza wenzake. Masikioni, ukoko wa rangi ya kahawia uliojipanga kama magamba ni utitiri. Unatibika, ila gharama ihesabiwe. Manyoya yaliyonyonyoka kwa mviringo yanaweza kuwa choa, na ukurutu kwenye pua na kingo za masikio unaweza kuwa upele. Choa na upele wa aina hiyo humpata binadamu pia, na aghalabu mtoto ndiye wa kwanza kujikuna.

Mdomo ufunguliwe kidogo kwa kuinua mdomo wa juu. Meno ya mbele ya juu yapite mbele ya yale ya chini, kama mkasi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, karibu milimita 2 hadi 3 kila wiki, na hupunguzwa kwa kutafuna. Yasipokutana hukua kama pembe hadi mnyama ashindwe kula. Kidevu kilicholowa mate ni ishara hiyo. Kasoro hii mara nyingi ni ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo itahitaji daktari tena na tena.

Nyayo za nyuma zipinduliwe. Sungura hana nyayo nene kama za mbwa, ana manyoya tu, na aliyekaa muda mrefu juu ya sakafu ya waya huwa na vidonda hapo. Vidogo hupona akihamishiwa kwenye nyasi kavu au ubao. Vilivyofika ndani ni kazi kubwa. Makalio yawe makavu na masafi. Tumbo la sungura mdogo likiwa limevimba kama ngoma huku uti wa mgongo unahesabika kwa vidole, huenda ana koksidia, ugonjwa unaoua vitoto wengi kwenye vibanda vichafu.

Suala linaloharibu mipango ya nyumba nyingi zaidi ni jinsia. Familia huambiwa "hawa ni dada wawili", na baada ya mwezi mmoja kunakutwa kiota cha manyoya kwenye kona. Mimba ya sungura huchukua takribani siku 31. Jike hana msimu. Yai hutoka baada ya kupandwa, na anaweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Hesabu si ngumu: wakizaliwa 7 kila siku 31, kabla ya miezi minne kuisha wale wawili wamekuwa 23, wote wakiishi.

Kwa hiyo jinsia ithibitishwe palepale. Sungura akiwa ameegemezwa mapajani, ngozi inayozunguka kiungo chake inabonyezwa taratibu kwa vidole viwili. Dume huonyesha mviringo wenye kijibomba; jike huonyesha mfereji mwembamba. Chini ya wiki 8 hata wazoefu hukosea. Kuanzia karibu miezi mitatu korodani za dume huonekana, vifuko viwili visivyo na manyoya mengi, ingawa anaweza kuvivuta ndani akishtuka. Na jike yeyote aliyekaa na dume ndani ya mwezi uliopita ahesabiwe kuwa ana mimba hadi ithibitike vinginevyo.

Je, achukuliwe mmoja au wawili? Sungura ni mnyama wa kundi na upweke humdhoofisha. Wawili waliokwisha kuzoeana wasitenganishwe. Ni afadhali familia ichukue wote au isichukue yeyote. Jozi inayokaa kwa amani zaidi ni jike na dume aliyehasiwa. Ikumbukwe kwamba dume aliyehasiwa leo anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa bado, kwa hiyo atengwe hadi wiki 6. Madume wawili wasiohasiwa watararuana, hata kama ni ndugu. Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na mwenye uzoefu wa sungura. Kumhasi sungura nyumbani kwa wembe ni ukatili usio na jina lingine. Kwa jike, upasuaji una faida ya ziada, kwa kuwa saratani ya kizazi huwapata wengi wakishapita miaka minne.

Jamii ya sungura ifuate hali ya hewa na nafasi. New Zealand mweupe na California, wanaopatikana kwa wingi hapa nchini, hufika kilo 4 au 5 na kwa kawaida ni watulivu. Flemish Giant hupita kilo 6, ni mpole, lakini anahitaji nafasi na chakula kingi. Dutch ni mdogo, kilo 2 hivi. Wenye manyoya marefu kama Angora wanahitaji kuchanwa mara kwa mara. Wanafaa nyanda za juu zenye baridi, na kuwapeleka Pwani au kaskazini ni kuwatesa. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Joto likipita nyuzi 30 huanza kuhema, na linaweza kumuua mchana mmoja. Nyumba ya mabati isiyo na kivuli isichukue sungura kabla kivuli hakijapatikana.

Makao yawe tayari kabla mnyama hajafika: sakafu isiyoumiza, mahali pa kujificha, nafasi ya kuruka hatua tatu mfululizo, na kinga dhidi ya mbwa, paka, nguchiro na siafu. Kwa siafu, miguu ya kibanda isimamishwe ndani ya mikebe yenye maji. Siafu humaliza kibanda kizima kwa usiku mmoja, na wengi hujifunza hilo wakiwa wamechelewa.

Aondoke na chakula alichozoea cha wiki moja, na kibadilishwe polepole. Sehemu kubwa iwe nyasi kavu, kwa mfano boma rhodes. Majani ya viazi vitamu na kishonanguo kidogo ni sawa. Majani ya nyanya, ya viazi mbatata na ya parachichi ni sumu. Chakula chenye ukungu kitupwe. Penye sungura wengine, mgeni atengwe kwa wiki mbili hadi mwezi, na ahudumiwe wa mwisho.

Usiku atatoa kinyesi laini kilichoshikana kama kishada na kukila palepale. Hiyo ni kawaida, ni lishe yake. Kisicho cha kawaida ni kutokula. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama hali huharibika kwa saa chache. Aliyekaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili.

Tahadhari mbili za dawa. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikitolewa kwa mdomo huua bakteria wa tumboni anaowahitaji, na sungura hufa wakati mwenye nyumba anaamini anamtibu. Na dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili zisimguse kabisa. Dawa ya utitiri ipo, lakini kipimo chake kitokane na uzito wa sungura, na daktari ndiye akipange.

Maswali yanapokelewa sasa. Waliokuja na sungura wao wawaache ndani ya vikapu, kivulini, hadi waitwe kwenye meza ya daktari. Na wenye sungura wanaopiga chafya au wenye ukoko masikioni wangoje upande ule wa mwembe, mbali na wengine.