MTABIRI WA HALI YA HEWA AAMBIWE TUNAVYOISHI



Nimeombwa niseme nanyi habari ya hali ya hewa. Wako watakaocheka na kusema mvua ni kazi ya Mungu, sisi yatuhusu nini? Kweli, mvua ni kazi ya Mungu. Lakini nani afe kwa mvua hiyo na nani apone, hilo ni jambo letu sisi.

Tazameni Ziwa Victoria. Ukubwa wake wapita kilomita za mraba 68,000, nalo lina upepo wake lenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana ziwani, na hapo huzuka mawingu ya radi na dhoruba hata alfajiri. Na mvuvi wa dagaa hutoka lini? Hutoka jioni, siku za giza zisizo na mbalamwezi, maana dagaa hufuata taa. Saa ya dhoruba na saa ya kazi yake ni moja.

Basi onyo likisomwa redioni saa mbili usiku, mvuvi yule amekwisha kuwa majini. Onyo ni la kweli, lakini halikumfaa kitu. Tena wimbi la mita moja kwa meli si neno. Kwa mtumbwi wa mbao uliojaa dagaa laweza kuwa kaburi. Mtaalamu aliye mbele ya ramani zake atayajuaje hayo asipoambiwa?

Twendeni Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile ipitayo milimita 50 kwa saa 24. Ikinyesha shambani penye mchanga, ardhi huinywa. Ikinyesha vilima vya Pugu, mto Msimbazi huishusha mpaka Jangwani, ikamkuta mtu ambaye kwake halijaanguka tone. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 mjini humo, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Tangu 2015 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lawahimiza watabiri wasiseme tu mvua itakuwaje, bali itafanya nini. Hilo ni jema, lakini hawawezi kulijua pasipo sisi. Njia ipi hufunikwa kwanza, nyumba ipi ina mzee asiyeweza kukimbia, nani hana redio wala simu: hayo setilaiti haiyaoni.

Wako raia wasemao watabiri ni waongo, na wako wakubwa wasemao raia ni wakaidi. Mimi nasema hawajaketi pamoja. Mtu hakai bondeni kwa ukaidi. Hukaa kwa kuwa kodi ya huko ndiyo aiwezayo. Onyo lisilojua hayo humwambia kimbia, lisimwambie pa kukimbilia.

Kwa hiyo nawaomba kila mtaa na kila mwalo uchague watu wake, wanaume kwa wanawake. Waandike saa za kutoka majini, alama za maji yalipofika, na nyumba za wanyonge. Wapeleke habari hizo kwa watabiri, nao wadai onyo la ziwani litoke kabla ya saa kumi jioni. Na kila dhoruba ikipita, warudi kusema lipi lilikuwa kweli na lipi halikufika kwa watu.

Asiyesema shida yake asingoje mwingine aitabiri.